Mgeni Aliyekuja Kuangalia Miti Yake

Miaka ile nilikuwa nafua taulo katika hoteli moja ya kitalii Mikumi. Watu wakiniuliza kazi yangu nilisema niko idara ya usafi, maana ukisema unafua taulo za wazungu wanakuangalia kwa huruma, na huruma haina marupurupu. Taulo zenyewe zilikuwa nyeupe, nzito, na kila mgeni alikuwa na ya mwili, ya uso, ya kwenda nayo bwawani na nyingine ya kukanyagia. Miguu ilikuwa na taulo yake! Kwetu Mvumi, upande wa Kilosa, tulikua nyumba nzima tukipokezana kanga moja iliyochoka, na miguu ilijikausha yenyewe njiani.

Bafuni kulikuwa na kibao kidogo kilichomwomba mgeni atundike taulo yake aitumie tena, ili kuokoa maji ya dunia. Kibao hakikusema ni dunia ipi. Maji ya hoteli yalitoka kwenye kisima kirefu, mashine inavuta mchana kutwa, inajaza bwawa la kuogelea ambalo wageni waliingia, wakapiga picha, wakatoka kwenda kulala. Mtaani nilikopanga chumba, nyuma ya stendi, bomba lilikuwa linakohoa kabla ya kutoa maji, na kiangazi liliacha hata kukohoa. Tukanunua madumu kwenye mikokoteni. Tembo wa hifadhini waliyajua haya kuliko diwani wetu. Kiangazi walikuja kunywa bwawani pale hotelini, wageni wakatokwa machozi ya furaha. Sijaona hata tembo mmoja aliyekuja kupanga foleni mtaani kwetu.

Sisemi haya kwa uchungu. Mimi nilikuwa naoga kazini kabla ya kutoka, maji ya moto, na nilikuwa nakaa humo bafuni kama mke wa balozi.

Basi mwaka mmoja, mwishoni mwa kiangazi, alikuja mgeni mmoja mwanamke, mwalimu mstaafu, mrefu, mwembamba, pua imeiva kwa jua kama nyanya ya Dumila. Nilimpenda kabla sijamwona, kwa sababu alikuwa anatundika taulo zake. Wengine walikisoma kibao kile, wakakisifu, wakazitupa zote sakafuni. Huyu taulo moja aliitumia hadi ikaanza kumzoea.

Asubuhi moja akaja mwenyewe kule nyuma kwenye mabeseni, mahali ambapo wageni hawafiki, akauliza nani hapa anatokea Kilosa. Wenzangu wakaninyooshea vidole kwa haraka ya watu wanaodhani kuna kesi. Nikasema ni mimi. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha nne, lakini kilikuwa kimenenepeshwa na wageni. Niliweza kuongea vizuri sana habari za sabuni, hali ya hewa na simba.

Akatoa simu, akanionyesha ramani ya kijani yenye kidoti chekundu. "Hii hapa ni miti yangu," akasema.

Nikadhani amenunua shamba. Akanieleza polepole, kama mwalimu kweli. Kwao, mtu akipanda ndege, moshi wa ile ndege unakwenda angani na kuharibu hali ya hewa. Yeye moyo ulikuwa unamsuta. Sasa ipo kampuni huko huko kwao, unailipa kidogo juu ya tiketi yako, nayo inakwenda kupanda miti katika nchi za watu kama sisi, na ile miti inakunywa ule moshi. Basi safari inakuwa kama haikuwapo. Alikuwa amelipa hivyo kila aliposafiri, na alikuwa amesafiri mno: kwenda kuona wajukuu, kwenda kuona barafu ya kusini mwa dunia kabla haijayeyuka yote, na sasa kuja kuona simba. Kampuni ilikuwa imemwandikia kwamba miti yake iko Wilaya ya Kilosa. Alitaka aione, aishike.

Nikaikuza ile ramani kwa vidole. Kidoti kilikuwa kimekaa kwa shangazi yangu. Ramani ingekuzwa kidogo tena ningekiona choo chake.

Mradi wenyewe niliukumbuka. Walikuja vijana wenye vizibao, wakakusanya watu shuleni, wakagawa soda, fulana na miche ya mijohoro. Waliambiwa wapande, watunze, wasikate, na kwamba faida itafuata. Shangazi alijiandikisha kwa ajili ya soda. Fulana ilikuja kama bahati. Vijana walirudi tena kupiga picha miche ikiwa imefika kiunoni, kisha hawakuonekana tena.

Nikampigia simu. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umefiwa na nani?" Shangazi haamini kwamba mtu anaweza kupiga simu asubuhi bila msiba.

"Hapana, shangazi. Kuna mgeni wa hapa hotelini anataka kuja huko kuiona miti."

"Miti gani?"

"Ile ya mradi. Anasema ni yake, na kidoti cha ramani yake kimekaa kwako."

Nilimsikia akifukuza kuku.

"Mlete," akasema. "Nitachinja."

Ningekuwa na akili ya kutosha ningegundua kwamba nimeuliza habari za miti nikajibiwa habari za kuku. Lakini nilikuwa nimeshaiona siku nzima bila taulo mbele yangu, na akili ilikuwa imeshapanda gari.

Meneja aliruhusu niende kama mkalimani. Dereva wetu alikuwa mtu mzima mwenye tumbo, aliyewaambia watalii wote kwamba amezaliwa porini mama yake akikimbia chui. Amezaliwa hospitali Morogoro, na mama yake hajakimbia kitu chochote maishani. Tukatoka Mikumi, tukashika njia ya Kilosa, vioo vimefungwa, kiyoyozi kinapuliza hadi nikajifunga mtandio.

Njiani kulikuwa na magunia ya mkaa yamepangwa kando ya barabara, yamefungwa midomo kwa majani. Mgeni akaomba tusimame. Akayapiga picha kwa uso wa mtu aliye msibani.

"Kwa nini wanakata miti?" akaniuliza.

Nikamgeuzia dereva swali. Yeye akanijibu kwa Kiswahili, macho barabarani, gari likiunguruma pale pale tuliposimama: "Mwambie tuna tabia mbaya. Tunapenda chakula kilichoiva."

Nikatafsiri kwamba watu wanapikia.

"Ni hatari sana kwa dunia," akasema mgeni, kwa upole.

"Muulize nizime kiyoyozi?" akasema dereva.

Hilo sikulitafsiri. Nilikuwa nimeajiriwa.

Tukapita Kilosa mjini, tukala vumbi la Mvumi, na tulipokaribia kijijini nikaona watu wamesimama njiani. Mbele yao alikuwa mwenyekiti wa kamati ya miti. Kamati hiyo ilikuwa haijakutana tangu vizibao viondoke, lakini mwenyekiti hakuwa ameachia cheo, na siku hiyo alikuwa amevaa koti kwenye jua lile. Shangazi hana siri. Kuku mmoja akichinjwa kwake, tarafa nzima inajua.

"Karibuni sana," akasema mwenyekiti, akamshika mgeni mkono kwa mikono miwili. "Miti iko tayari inawasubiri."

Nikamwamini. Tukamfuata kwa miguu, tukapita mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, tukaacha njia ya kwa shangazi mkono wa kushoto, tukatokea kwenye mitiki. Mitiki mizuri, minene, imenyooka kwa mistari kama wanafunzi siku mkaguzi akija. Ukweli ni kwamba shamba lile lilikuwa la mkubwa mmoja wa Dar es Salaam ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Tulichokuwa tunakijua ni uzio wake na mlinzi wake, na mlinzi siku hiyo alikuwa upande wetu, anatabasamu.

"Mwambie hii yote ni yake," akasema mwenyekiti.

Nikamwambia kwa Kiswahili, huku nikicheka na mgeni kwa heshima, "Mwenyekiti, si ni ya yule bosi hii?"

"Wewe tafsiri. Usihoji."

Nikatafsiri hivi: "Mwenyekiti anasema hii yote ni yako." Kila neno lilikuwa kweli, mwenyekiti alikuwa amesema.

Mgeni akaingia kati ya mitiki. Akaweka kiganja kwenye shina moja, akafumba macho, akakaa hivyo. Wanakamati wakavua kofia. Hawakujua ni ibada ya dini gani, ila adabu ni adabu. Alipofumbua macho yalikuwa mekundu. Dereva akampiga picha amekumbatia mti wa mtu.

Na pengine ingeishia hapo. Angerudi kwao na picha yake, mwenyekiti angepanda cheo, na mimi ningerudi kwenye mabeseni yangu. Lakini ikasikika sauti kutoka njiani, sauti ninayoijua tangu nikiwa mgongoni kwake.

"Mgeni wangu mnampeleka wapi?"

Shangazi alikuwa anakuja na upawa mkononi, mbio khamsa wa ishirini, wali umempoa na hasira imempanda.

"Dada, tulia," akasema mwenyekiti. "Tunamwonyesha miti."

"Miti ya nani? Nimechinja mie, nimepika mie, halafu mnamlisha macho kwa mitiki ya watu? Mgeni amekuja kwangu! Kwani kidoti kiko kwako?"

Mgeni akanigeukia. "Anasema nini?"

"Anasema chakula kiko tayari," nikajibu.

"Na nini kingine?"

Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, ameniangalia juu ya miwani. Kama umesoma shule yoyote hapa duniani unalijua jicho lile. Nikamwambia yote: shamba la nani, mwenyekiti nani, na kwamba miti yake haiko hapa. Akatoa mkono kwenye ule mtiki taratibu, kama mtu aliyegundua kwamba amemshika bega mtu asiyemjua.

Hakukasirika. Alimfuata shangazi, akainama, akamwambia neno moja alilofundishwa hotelini: "Shikamoo."

Nywele za mgeni zilikuwa nyeupe zote na za shangazi bado nyeusi kwa nusu. Shangazi hakusita hata kidogo. "Marahaba," akasema, na akatangulia njia.

Nyumba ya shangazi ilikuwa ya vyumba viwili, tofali za kuchoma, bati, na hakuna dari. Tukakaa kwenye mkeka: mgeni, mimi, dereva, na mwenyekiti ambaye hakualikwa lakini alikuwa amekwisha nawa. Tukala wali na kuku wa kienyeji. Mgeni alikula kwa mkono, akamwaga nusu, akasifu. Shangazi akaleta chai. Ndipo mgeni akauliza, kwa sauti ndogo, "Sasa, miti yangu iko wapi?"

Nikatafsiri. Shangazi alikuwa na kikombe mdomoni, hivyo akaonyesha kwa kidevu. Juu.

Sote tukatazama juu. Kenchi zilikuwa za mijohoro, boriti nazo mijohoro, miti myembamba yenye magome bado, imekatwa ikiwa michanga.

"Ndiyo hiyo," akasema shangazi. "Mwambie ahesabu, yake imo."

Kisha akasimulia. Miche aliipanda kweli, na akaitunza kweli. Maji alichota mtoni kwa kichwa. Baadhi ilitafunwa na mbuzi wa jirani yake mfugaji, wakagombana, mfugaji akaleta maziwa, yakaisha. Iliyobaki ikakua vizuri. Halafu ikaja masika moja mto ukapanda mchana kweupe, si kwa hasira, ulikuja kama mtu anayerudi kwake. Uliingia mlango wa mbele, ukatoka wa nyuma na vyungu, kitanda na godoro. Nyumba ya zamani ilikuwa ya udongo. Ikalainika, ikakaa chini. Shangazi aliiangalia akiwa juu ya tuta la reli pamoja na ng'ombe wa yule mfugaji.

"Maji yalipokwisha nilibaki na nini? Mijohoro. Ilikuwa imesimama palepale. Nikaikata. Nilitakiwa nilale chini yake huku nikiiangalia?"

"Yote?" akauliza mgeni.

"Iliyonyooka imo humo juu. Iliyopinda," shangazi akaonyesha kikombe cha mgeni, "ndiyo iliyochemsha hiyo chai."

Mgeni akaiangalia chai yake. Dereva akapata shughuli ya ghafla na kiatu chake.

Mwenyekiti aliona ni nafasi ya kuokoa jahazi. Akakohoa, akaongea ya semina: kwamba ni kweli elimu bado haijawafikia wananchi, kwamba mafuriko yanaletwa na sisi wenyewe tunaokata miti hovyo.

"Nani anakata?" shangazi akadakia. "Mimi nimekata baada ya mafuriko. Kabla sikukata hata fito. Sasa yale mafuriko yalikuja kumwadhibu nani?"

Mwenyekiti akasema hilo ni suala la kitaalamu.

Msidhani shangazi alikuwa na utaalamu wake uliofichika. Yeye aliamini, na anaamini hadi leo, kwamba maji yale yaliletwa na waliotoboa mlima kupitisha treni mpya: mlima umetobolewa, kilichomo lazima kitoke. Nimemweleza mara nyingi habari za hewa, joto na moshi wa nchi kubwa. Ananisikiliza kwa upole, kama mtu anavyomsikiliza mlevi, halafu anasema, "Sawa. Lakini mlima wametoboa, hawakutoboa?"

Siku ile akamgeukia mgeni. "Muulize. Alilipa ili iweje?"

Mgeni akaeleza upya habari ya ndege na moshi na miti inayokunywa moshi. Nikatafsiri nilivyoweza. Shangazi akakunja uso, akakunjua.

"Ngoja nielewe. Yeye anaruka."

"Ndiyo."

"Na mimi ndiye nisikate."

"Ndiyo, shangazi."

"Yaani yeye anakula, mimi ndiye nifunge, halafu ahesabiwe yeye kwamba amefunga?"

Hilo lilinipa taabu kulitafsiri, maana mgeni hakuwa na habari za Ramadhani. Nilizunguka na futari na daku hadi nikafika. Akasikiliza hadi mwisho. Akaweka kikombe chini.

"Ndiyo," akasema. "Hivyo hasa."

"Mwambie mimi nafunga mwezi mzima kwa ajili yangu mwenyewe," akasema shangazi, "na bado sina hakika kama saumu yangu imefika. Nitaweza kumfungia na yeye?"

Mgeni alisimama, akaomba kigoda, akapanda. Mtu mrefu yule juu ya kigoda, kichwa kikagusa bati. Akaishika boriti moja, akaigonga kwa kidole, akaipapasa magome. Akasema kitu nilichomwomba akirudie: kwamba kitaalamu, mti ukiwa paa bado unaushika ule moshi ndani yake. Unautoa tu ukioza au ukichomwa.

Nikatafsiri.

"Mwambie aondoe shaka," akasema shangazi. "Sina mpango wa kuchoma nyumba."

Mgeni akaanza kucheka. Alicheka juu ya kigoda hadi dereva akamshika asianguke, akashuka, akakaa mkekani, akaendelea kucheka huku machozi yanamtoka. Shangazi akacheka kwa sababu mwenzake anacheka. Mwenyekiti akacheka akichelewa, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna anayemcheka yeye. Mimi nilicheka pia, lakini sikuwa na hakika kama mgeni alikuwa bado anacheka au amehamia kwenye kulia.

Wakati wa kurudi aliomba kiyoyozi kizimwe na vioo vifunguliwe. Dereva alitii kama mtu anayekwenda jela. Tulifika Mikumi tumepakwa vumbi jekundu hadi kwenye kope. Jioni ile taulo ya mgeni ilihitaji maji matatu.

Kesho yake, kabla hajaondoka, alikuja tena kwenye mabeseni. Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Nifanye nini?" akaniuliza. "Niambie kweli, usinifiche."

Nilikuwa nakamua. Nikafikiri. Jibu la kwanza lilikuwa mdomoni tayari, kwamba asiruke, akae kwao. Lakini nikaangalia kamba yangu, taulo nyeupe zimeanikwa kutoka mti hadi mti, na kila moja ilikuwa imekuja kwa ndege.

"Usipokuja," nikamwambia, "mimi nitafua za nani?"

Akatikisa kichwa. Tukabaki hivyo, yeye juu ya ndoo, mimi na taulo mkononi. Sijawahi kuwa karibu hivyo na mzungu, na sijui kama ulikuwa urafiki au ni sisi wote wawili kukwama mahali pamoja. Kisha gari lake la kwenda uwanja wa ndege likapiga honi.

Alikuwa na namba yangu. Baada ya muda akaniandikia kwamba ameilalamikia kampuni. Ameeleza yote: mbuzi, mto, boriti, chai. Kampuni ikaomba radhi kwa maneno mazuri sana na kumhamishia miti yake. Akanitumia picha ya ramani mpya. Kidoti kilikuwa kimeondoka Mvumi, kimekwenda kutua katika nchi nyingine, bara lingine, kwa shangazi wa mtu mwingine.

Nilipomweleza shangazi alikasirika kuliko nilivyotegemea. "Wameihamisha? Bila hodi? Mie nilikuwa nimeshamzoea."

Mgeni aliniandikia tena mwaka uliofuata. Habari za barafu na simba alikuwa ameziacha. Wajukuu hakuweza, mmoja alikuwa anaolewa, ng'ambo ya bahari nyingine, na bibi asipokwenda harusini ni bibi gani? Akaniuliza naonaje. Nikamjibu kwamba hata shangazi angekwenda, tena angetaka kukaa dirishani.

Mimi hoteli niliiacha. Si kwa msimamo wowote. Walileta mashine ya kufulia na wafuaji wakawa wengi. Nikarudi Mvumi kulima mpunga na shangazi. Hapo katikati mto ulikwisha kuja tena, na safari ile kijiji kikagawa viwanja vya mlimani. Shangazi alihama akinung'unika, vitu vyake vikabebwa na punda wa yule mfugaji, ambaye sasa wamekuwa ndugu wa kugombana kila siku. Mwenyekiti naye yuko huko huko juu, kiwanja cha jirani, na wamegombea mpaka hadi mkutano mkuu wa kijiji ukawashindwa.

Shamba, hata hivyo, liko kule bondeni. Mto uliacha tope zuri, jeusi, na mpunga uliopandwa humo ulisimama hadi kifuani. Masika yaliyopita nilikuwa naye huko tunavuna, mawingu mazito yamekaa upande wa milima, na nikamuuliza kama haogopi kushuka chini kila siku.

"Naogopa sana," akasema. "Lakini mpunga umeshawahi kuuona unapanda mlima?"

Halafu akanifokea kwamba nimesimama kama mgeni, nishike upande wa pili wa turubai, mpunga upigwe kabla mvua haijafika.